Kutembelea Makumbusho ya Cusco

Cusco, wasikilizaji wapenzi, ni mji wa Peru uliokaa bondeni katikati ya milima ya Andes, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huo ni mwinuko wa kati ya kituo cha Mandara na kituo cha Horombo. Sasa mahali pa juu namna hiyo pawekwe mji mzima wenye soko, chuo kikuu, makanisa, foleni za magari na watoto wanaokwenda shule. Hapo ndipo Cusco. Mazungumzo ya leo yanahusu makumbusho ya sanaa na utamaduni ya mji huo, na namna mgeni anavyoweza kuyatembelea akatoka na kitu.

Cusco ulikuwa makao makuu ya dola ya Wainka, dola iliyotandaa kutoka kusini mwa nchi inayoitwa leo Kolombia hadi katikati ya Chile. Wahispania waliingia mjini Novemba 1533. Hawakuuhama, wala hawakuubomoa wote. Walijenga juu yake. Ndiyo maana anayepita katika mitaa ya kati huona kuta mbili katika ukuta mmoja: chini mawe meusi ya Wainka, yaliyochongwa na kupangwa bila chokaa wala saruji, yamebanana hata wembe haupiti, juu yake matofali ya udongo yaliyopigwa lipu nyeupe, na roshani za mbao za Kihispania. Mwaka 1983 UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Majumba mengi ya makumbusho yatakayotajwa leo yamo ndani ya nyumba za namna hiyo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kushika, na litarudiwa, ni hili: mjini Cusco makumbusho huanzia nje, ukutani, kabla tiketi haijakatwa.

Wageni wengi hufika na swali moja. Dhahabu iko wapi?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa haipo, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1532 Wahispania wakiongozwa na Francisco Pizarro walimkamata Atahualpa, mtawala wa Wainka, katika mji wa Cajamarca ulioko mbali kaskazini. Akaahidi kujikomboa kwa chumba kilichojaa dhahabu. Ili kukijaza, watu walitumwa hadi Cusco kubandua mabamba ya dhahabu yaliyofunika kuta za Coricancha, hekalu la jua. Mabamba yakabanduliwa kwa mamia, yakabebwa hadi Cajamarca, yakayeyushwa yakawa vipande vya kugawana. Hata hivyo Atahualpa aliuawa, Julai 1533. Kilichokuwa kazi ya mikono ya mafundi wa vizazi kadhaa kilipita kwenye tanuri kikawa uzito tu.

Lakini je, kwa Wainka wenyewe dhahabu ndiyo iliyokuwa mali ya kwanza? La. Kilichotangulia ni kitambaa. Kwa kitambaa dola iliwatunza askari wake, kwa kitambaa ilifunga urafiki na machifu wa nchi ilizozitwaa, na kitambaa kilichomwa moto kama sadaka. Palikuwa na wanawake waliochaguliwa tangu utotoni, wakaishi pamoja katika nyumba maalumu wakifuma nguo laini kuliko zote. Maghala yalijaa nguo kama maghala mengine yalivyojaa mahindi. Na majeshi ya Wainka yaliporudi nyuma mbele ya Wahispania, yalichoma maghala hayo ya nguo ili yasije yakaangukia mikononi mwa adui. Nani huchoma kitu kisicho na thamani ili adui asikipate?

Basi mgeni anayezunguka vyumbani akitafuta mng'ao wa dhahabu atatoka mikono mitupu, na atasema makumbusho ya Cusco ni maskini. Atakayetafuta kitambaa, kikombe, fundo la uzi na jiwe la ukuta, huyo atakutana na Cusco yenyewe.

Kabla ya kuingia popote, neno dogo la mwili. Hewa ya mita 3,400 ni nyepesi. Mgeni anayeshuka kwenye ndege akitoka Lima, mji wa pwani, huweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuhema kwa kupanda ngazi kumi tu. Wenyeji humpa chai ya majani ya koka, humwambia ale kidogo, anywe maji na asikimbie. Hapo ndipo makumbusho yanapofaa zaidi. Magofu mengi ya Wainka yako mlimani na yanataka miguu, lakini makumbusho yako mjini, karibu karibu, na yana mabenchi. Siku mbili za kwanza zikitumika kwenye makumbusho, mwili unazoea hewa, na macho yanajifunza yatakachokiona baadaye magofuni. Wengi hufanya kinyume, wakakimbilia magofu ya Machu Picchu siku ya pili, wakapiga picha za mawe wasiyojua yanasema nini.

Mahali pa kuanzia ni hiyo hiyo Coricancha. Baada ya ushindi, eneo la hekalu lilipewa watawa wa Kidominiko, nao wakajenga kanisa na nyumba yao ya Santo Domingo juu yake. Kuta nyingi za Wainka zikafunikwa kwa lipu na vyumba vipya, zikafichwa kwa karne kadhaa. Kisha, tarehe 21 Mei 1950, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji. Majengo ya Kihispania yalipasuka na kuanguka kila upande. Kuta za Wainka zilibaki zimesimama, na sehemu zilizokuwa zimefichwa zikaonekana. Tetemeko lilivua kile kilichovikwa.

Kwa nini kuta hizo hazikuanguka? Mgeni anaweza kujionea mwenyewe. Asimame pembeni mwa ukuta aangalie mstari wake: haukusimama wima, umeinamia ndani kidogo. Aangalie milango na vishubaka vya ukutani: chini ni vipana, juu ni vyembamba. Kisha aangalie mahali jiwe linapokutana na jiwe. Hakuna kitu katikati. Ardhi inapotikisika, mawe hucheza kidogo yakarudi mahali pake, ambapo ukuta ulioshikwa kwa udongo au chokaa huvunjika. Leo mtu huingia kwa mlango wa watawa, akavuka ua wenye matao ya Kihispania, na pembeni mwa ua huo huo akaingia chumba cha Kiinka ambacho sasa hakina dhahabu hata chembe. Ni vigumu kupata chumba kitupu chenye mengi ya kusema kama hicho.

Mazungumzo sasa yapande mlima mdogo nyuma ya kanisa kuu, hadi Museo Inka. Jumba hilo ni la chuo kikuu cha San Antonio Abad cha Cusco, na limo katika nyumba ya fahari ya karne ya 17 iitwayo nyumba ya Amirali. Hapa mgeni akipata asubuhi nzima, aitumie yote. Kuna vyombo vya udongo, silaha, nguo, na visanamu vidogo vya jiwe la feruzi vilivyopatikana Pikillacta, mji wa watu wa Wari waliotawala sehemu hizo kabla ya Wainka. Kila kisanamu ni kifupi kuliko kidole, na kila kimoja kina vazi lake na kofia yake.

Lakini kilicho kikuu humo ni vikombe vya mbao viitwavyo quero. Neno hilo hutamkwa kama kero ya Kiswahili, ingawa hayana uhusiano. Jumba hili lina mkusanyiko mkubwa sana wa vikombe hivyo. Umbo lake ni rahisi: chini chembamba, juu kimepanuka, kama bilauri iliyofunguka mdomo. Vilinywewa chicha, pombe ya mahindi, kitu ambacho msikilizaji wa Afrika Mashariki anayejua busaa hatahitaji kuelezwa sana.

Sasa swali. Kwa nini vikombe hivyo vilitengenezwa viwili viwili, pacha, kutokana na mti mmoja na vyenye nakshi moja? Kwa sababu katika Andes kunywa peke yako hakukuwa kunywa. Mwenyeji alishika viwili, kimoja akampa mgeni na kimoja akabaki nacho, wakanywa pamoja. Aliyepokea alijua kwamba siku nyingine zamu ya kutoa itakuwa yake. Mtawala wa Wainka aliponywa na chifu wa nchi nyingine, kikombe cha pili ndicho kilichokuwa mkataba. Chifu aliyekubali kikombe amekubali urafiki na wajibu wake; aliyekikataa amekataa vyote viwili. Kwa hiyo mgeni anaposimama mbele ya kabati la kioo na kuona quero moja tu, ajue anaangalia nusu ya kitu. Nusu ya pili ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Vikombe vya zamani zaidi vimechongwa mistari na pembe tatu tu. Baada ya Wahispania kuingia, mafundi hawakuacha kazi, waliibadili. Walianza kuchimba picha kwenye mbao na kuzijaza utomvu wa mti uliotiwa rangi nyekundu, njano na kijani. Hapo wanaonekana watu. Inka, yaani mtawala, na mkewe wamesimama chini ya upinde wa mvua. Wanaume wanalima kwa majembe ya kukanyaga kwa mguu. Kuna kasuku, maua, na watu wa msituni wenye pinde na mishale. Haya ni muhimu kusikilizwa mara mbili: picha nyingi za maisha ya Wainka kwenye vikombe hivyo zilichorwa baada ya dola yao kuanguka, na wajukuu waliokuwa chini ya utawala wa kigeni. Walikuwa wakikumbuka, na walikumbuka kwenye chombo cha kunywea, kitu ambacho mtu hukishika kwa mkono mbele ya wenzake.

Karibu na vikombe, mgeni asipite bila kuangalia khipu. Kwa jicho la haraka ni kamba chakavu: ugwe mmoja mkuu, na chini yake nyuzi nyingi zinazoning'inia zenye mafundo. Kumbe ni daftari. Wainka hawakuwa na maandishi ya herufi, lakini walihesabu watu, mahindi, nguo na mifugo ya dola nzima kwa mafundo hayo. Hesabu yao ilikwenda kwa makumi kama ya kwetu. Fundo la karibu na ncha ya uzi ni mamoja, la juu yake ni makumi, la juu zaidi ni mamia. Uzi usio na fundo mahali fulani unasema sifuri. Mtaalamu wa Marekani, Leland Locke, alionyesha mpangilio huo mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo si kila khipu ni hesabu. Nyingine zinadhaniwa kubeba masimulizi, na hizo hazijasomeka mpaka leo. Zipo kabatini na habari zake zote, zinasubiri.

Kwa ufupi litajwe pia Museo de Arte Precolombino, katika uwanja mdogo wa Nazarenas. Lilifunguliwa mwaka 2003 kwa vitu vilivyochaguliwa kutoka ghala la Museo Larco la Lima. Hapo vitu vimepangwa kama kazi za sanaa, vichache katika kila chumba na mwanga mzuri: vyungu vya watu wa Moche vyenye sura za binadamu, vyungu vya watu wa Nasca vya rangi nyingi, vito vya fedha na hata dhahabu. Ni jumba zuri. Kama muda ni mfupi, hata hivyo, ndilo linaloweza kuachwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu vyake vilitoka pwani ya Peru na si kwa watu wa Cusco.

Kutoka hapo, msikilizaji, ni mwendo mfupi hadi mtaa wa Hatun Rumiyoc, na hapa kanuni ya mwanzo inarudi: makumbusho huanzia ukutani. Katika mtaa huo kuna jiwe maarufu lenye pembe kumi na mbili, na kila pembe imekutana sawasawa na jiwe la jirani. Februari 2025 mtu mmoja aliligonga kwa kifaa akalibanjua sehemu kadhaa, jambo lililowaumiza sana watu wa mji. Ukuta wa jiwe hilo ni ukuta wa ikulu ya kale ya Inka, na juu yake imejengwa nyumba ya askofu mkuu, ambayo ndani yake mna Museo de Arte Religioso, makumbusho ya sanaa ya dini.

Ni picha gani zimo humo? Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1650 tetemeko jingine kubwa liliangusha makanisa ya Cusco. Mwaka 1673 akaja askofu Manuel de Mollinedo y Angulo, mtu aliyependa sanaa, na kwa zaidi ya miaka ishirini alijenga upya makanisa na kuagiza picha za kuyajaza. Wachoraji wa kizazi cha Wainka na watu wengine wa Andes walipata kazi nyingi. Wanatajwa Diego Quispe Tito na Basilio Santa Cruz Pumacallao, na majina yao yenyewe ni nusu Kihispania na nusu Kikechua, lugha ya wenyeji. Walijifunza kwa kunakili picha zilizochapwa Ulaya, lakini hawakubaki hapo. Waliweka ndege wa rangi kwenye miti, milima nyuma ya watakatifu, na juu ya nguo za Bikira Maria wakapiga nakshi za dhahabu bapa kama mapambo ya kitambaa.

Mwaka 1688 yalitokea mabadiliko makubwa. Mafundi wote wa picha walikuwa katika chama kimoja, Wahispania na wenyeji pamoja, na wenyeji walilalamika kwamba wanaonewa. Mwaka huo wakajitenga. Tangu hapo hakuna Mhispania aliyewapa mtihani wala kuwaambia kivuli kiangukie wapi. Karakana zao zikatoa picha kwa mamia, zikabebwa na nyumbu hadi Bolivia, Chile na Argentina ya leo. Miongoni mwa picha za namna hiyo wamo malaika wenye bunduki. Malaika mwenye mbawa, amevaa kofia ya manyoya na mikono mipana ya lesi, ameshika bunduki ya kizamani kama askari wa gwaride. Mtu akimwona mara moja hamsahau.

Lakini picha za kukaa nazo muda mrefu katika jumba la askofu ni zile za maandamano ya Ekaristi. Zilichorwa kwa ajili ya kanisa la Santa Ana katika robo ya mwisho ya karne ya 17. Kumi na mbili ziko hapa, nne ziko Chile. Juu juu zinaonyesha sikukuu ya Kikatoliki: magari ya mapambo yenye watakatifu, mapadre, mishumaa, watu barazani na kwenye roshani zilizotandikwa nguo nzuri. Aangaliwe sasa mtu anayetangulia mbele ya gari. Ni mwenyeji wa ukoo wa Wainka. Amevaa kanzu ya kifalme ya mababu zake, na kwenye paji la uso amefunga alama ya utawala, kishada chekundu cha nyuzi. Anatembea katika maandamano ya dini ya waliomshinda babu yake, na amevaa vazi la babu yake. Je, amesalimu amri, au anawakumbusha watu yeye ni nani? Picha haijibu. Inafaa mgeni asimame hapo na swali hilo mpaka miguu ichoke.

Si mbali na hapo, katika kanisa kuu, kuna Karamu ya Mwisho ya Marcos Zapata, ya katikati ya karne ya 18. Yesu na mitume wamezunguka meza, na katikati ya meza, kwenye sahani, kuna simbilisi aliyechomwa, miguu juu. Simbilisi ni kitoweo cha sikukuu katika Andes tangu kale. Wageni hucheka wakimwona. Si kichekesho. Mchoraji alijiuliza chakula cha heshima ni kipi, akajibu kwa alichokijua nyumbani kwake. Kupiga picha humo hakuruhusiwi, na ni vizuri, maana watu huangalia kwa macho.

Neno moja la tiketi, kwa kuwa huwachanganya wengi. Tiketi ya utalii ya Cusco, inayotumika siku kumi, huingiza mtu kwenye magofu mengi na baadhi ya makumbusho ya mji. Haiingizi kanisa kuu wala jumba la askofu, ambavyo vina tiketi yao ya kanisa, na haiingizi Museo Inka wala vyumba vya Santo Domingo. Kwa hiyo tiketi zikatwe kwa kujua, na ratiba ya siku iulizwe mlangoni.

Jumba jingine linaloingiwa kwa tiketi hiyo ya utalii ni Museo Histórico Regional, katika nyumba ya Garcilaso de la Vega. Garcilaso alizaliwa Cusco mwaka 1539, mwana wa kapteni wa Kihispania na Chimpu Ocllo, binti wa ukoo wa kifalme wa Wainka. Mwaka 1560 aliondoka kwenda Hispania, hakurudi tena. Kabla ya kuondoka aliingia katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kihispania aliyekuwa amezikusanya maiti zilizokaushwa za watawala wa Wainka. Maiti hizo zilikuwa zikitunzwa, zikivishwa na kupelekewa chakula na koo zao kama wazee walio hai. Kijana Garcilaso aligusa kidole cha Huayna Capac, mtawala mkubwa wa ukoo wa mama yake, akakiona kigumu kama cha sanamu ya mbao. Uzeeni, akiwa ng'ambo, aliandika yote aliyoyasikia kwa wajomba zake katika kitabu kilichotolewa Lisbon mwaka 1609.

Zaidi ya miaka mia moja na sabini baadaye kitabu hicho kilipigwa marufuku. Sababu? Mwaka 1780 Túpac Amaru wa pili aliongoza uasi mkubwa dhidi ya Wahispania, na tarehe 18 Mei 1781 aliuawa kwa ukatili katika uwanja mkuu wa Cusco. Hukumu yake haikumgusa yeye peke yake. Iliamuru mavazi ya kifalme ya Kiinka yakusanywe, picha za Wainka zifutwe, na Kikechua kiachwe. Watawala walikuwa wameelewa jambo ambalo wageni wengi wa leo hawalielewi: kanzu na picha vinaweza kuwa hatari kuliko dhahabu. Kila picha ya mtu wa ukoo wa Wainka iliyochorwa kabla ya hapo na inayoonekana Cusco leo ilinusurika amri hiyo.

Kuna vitu vingine vilivyoondoka kwa njia tofauti, vikarudi. Mwaka 1911 Hiram Bingham wa chuo kikuu cha Yale alifika Machu Picchu akiongozwa na wenyeji, na katika safari zake zilizofuata vitu vilivyochimbwa huko vilipelekwa Marekani. Vilikaa Yale karibu miaka mia moja. Peru ilidai, ikafika mahakamani mwaka 2008, na mwaka 2010 makubaliano yakapatikana. Kuanzia 2011 vitu vilirudi kwa ndege, na makumbusho yake yakafunguliwa Casa Concha, nyumba nyingine ya Kihispania juu ya kuta za Wainka.

Anayetegemea hazina humo atashangaa. Ni vigae, mitungi ya chicha, visu vya shaba nyeusi, mawe ya kusagia, pini za nguo. Ni vitu vya jikoni na vya mwilini. Na hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa kuwa vinasema nani aliishi Machu Picchu. Mwaka 1916 George Eaton, aliyechunguza mifupa ya makaburini, alisema wengi walikuwa wanawake, na ikaenea hadithi ya mabikira wa jua. Miongo mingi baadaye John Verano aliipima mifupa ile ile upya. Akakuta wanaume, wanawake na watoto: watu wa kawaida, watumishi na mafundi waliotoka pande mbalimbali za dola. Kama mifupa ingezikwa upya bila kutunzwa, hadithi ya kwanza ingebaki. Kama isingetolewa makaburini kabisa, wafu wangepumzika. Wako wanaoshikilia kila upande, na haki haiko upande mmoja tu.

Mwisho wa matembezi ni kitambaa, kwa kuwa ndicho kilichotangulia dhahabu kwa Wainka. Katika barabara ya El Sol kuna kituo cha nguo za asili cha Cusco, kilichoanzishwa mwaka 1996 na mfumaji Nilda Callañaupa Alvarez wa Chinchero pamoja na wenzake, wakati vijana walikuwa wakiiacha kazi hiyo na rangi za dukani zikichukua nafasi ya rangi za mimea. Ndani kuna maonyesho madogo, duka, na wafumaji wenyewe kutoka vijijini wakiwa kazini.

Mama hukaa chini, mkanda wa kitanda chake cha kufumia umemzunguka kiunoni na ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo. Akijivuta nyuma nyuzi zinakaza, akiinama zinalegea. Mwili wake ni sehemu ya mtambo. Hana mchoro mbele yake. Anahesabu nyuzi kwa vidole, anainua hizi, anaziacha zile, kisha anapiga uzi wa kupitisha kwa mfupa wa lama uliochongwa ncha. Nakshi zina majina, na moja maana yake ni mto unaopindapinda. Pembeni kuna kibakuli cha vidudu vikavu vya kijivu, vidogo kama punje za ulezi, vilivyokusanywa kwenye mipungate. Mtu akisaga kimoja kiganjani, kiganja kinakuwa chekundu kama damu. Tone la ndimu likidondoshwa, wekundu unageuka rangi ya chungwa. Chembe ya magadi ikiongezwa, unakuwa zambarau.

Mabegani mama huyo amejitanda lliclla, shuka fupi la kufuma, limeshikwa kifuani. Katika Casa Concha, ndani ya kioo, kuna pini za shaba nyeusi na za fedha ziitwazo tupu, zilizotoka kwenye makaburi ya wanawake wa Machu Picchu, na pini za namna hiyo zilishika shuka kama hilo, mahali pale pale pa kifua. Siku hizi wengi hutumia pini ya kawaida ya dukani. Siku za sikukuu hutolewa sandukuni tupu ya fedha ya bibi.